Refa wa Kiti cha Katikati

Jina la Kisiki refa huyu alipewa na mshika kibendera wake, siku shabiki mmoja alipomtemea mate usoni naye akatoa leso, akajifuta taratibu, kisha akapuliza firimbi kona ipigwe. "Huyu si mtu," mwenzake alisema. "Huyu ni kisiki cha mpingo. Ukimpiga teke, utakayechechemea ni wewe." Jina likaganda. Hata mtaani, ambako siku za kazi alikuwa fundi bomba, watu walisema mwiteni Kisiki aje, choo kimeziba.

Wengi walidhani amezaliwa hivyo. Wapi! Baba yake alikuwa mchukuzi sokoni, mtu wa miraba minne, mcheshi, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo. Mchana mmoja Kisiki, bado mtoto wa shule, alimpelekea baba chakula na kumkuta akibishana na mchukuzi mwenzake: nani ameliwahi gunia la vitunguu. Baba alipiga ngumi moja tu. Yule mtu akaanguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa saruji, na mlio uliotoka pale Kisiki hakuusahau maisha yake yote. Mtu hakuamka. Baba alifungwa, akafia hukohuko kwa kifua kikuu.

Siku ya hukumu mama yake alimkalisha jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, hii mikono ni ya baba yako, hata kucha ni zake. Itumie kwa kazi. Siku ukimwinulia mtu, usirudi kwangu."

Basi akakua ameikunja mikono. Alitukanwa, akanyamaza. Alisukumwa, akasogea. Aliupenda urefa kwa sababu uwanjani alipata kitu ambacho siku ile sokoni hakikuwepo: mtu mwenye firimbi, akipuliza, wote wanasimama.

Jumapili ile hawakusimama.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, katika mji wa mbali. Wenyeji walihitaji sare tu wasishuke daraja. Dakika za mwisho kabisa, bila kwa bila, beki wao aliudaka mpira kwa mkono ndani ya boksi kama anayedaka embe. Kila mtu aliona. Beki mwenyewe aliona, akajishika kichwa. Kisiki akaonyesha penalti, wageni wakafunga, na uzio wa jukwaa la nyuma ukalala chini wote kwa pamoja.

Hakukimbia mapema, na hilo lilikuwa kosa. Alidhani bado ana firimbi. Jiwe la kwanza lilimpasua nyusi. Mtu alimpiga mbavuni kwa mti wa kibendera cha kona, akaurudisha nyuma na kumpiga tena palepale, kama anayetwanga. Askari walimburuta hadi chumba cha waamuzi, wakafunga mlango, na mlango ukaanza kutetemeka. Mshika kibendera wake, yuleyule aliyempa jina, hakuwahi kuingia. Kupitia mlango Kisiki alimsikia akipiga kelele, kelele nyembamba kama za mtoto, halafu akasikia kitu kikivunjika, halafu hakusikia tena. Alikaa chini ya beseni la kunawia la ukutani huku damu ikimwingia jichoni, akilitazama bomba linalovuja juu yake, na akili yake, kwa kukosa pa kwenda, ikawa inafikiri kwamba hapo washa, ule mpira mdogo wa ndani, imekufa, inataka kubadilishwa.

Usiku alishonwa hospitali. Mwenzake alikuwa chumba cha upasuaji. Kamishna wa mechi alimjia na miwani ya jua na tiketi ya ndege.

"Stendi ya basi wamejaa wanakusubiri," alimwambia. "Utaondoka na ndege ya kwanza asubuhi. Safari fupi. Ukishapanda, umepona."

"Na mwenzangu?"

"Mwenzako haendi popote. Wewe nenda."

Kisiki hakuwahi kupanda ndege. Alidhani ni nyumba ya watu wakubwa, kila mmoja na nafasi yake. Kumbe baada ya viti vichache vipana vya mbele kuna pazia, na nyuma ya pazia watu wamepangwa watatu watatu kama sabuni kwenye katoni. Kiti chake kilikuwa cha katikati. Magoti yaligusa kiti cha mbele, na alipojaribu kukaza mkanda, mbavu zilimchoma mpaka akaona nyota.

Dirishani aliketi mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, mnene, mchangamfu, mkoba mapajani.

"Ajali, baba?" aliuliza akimtazama nyusi.

"Ajali, mama."

"Pole. Basi lala. Mimi nikilala nakoroma, unisamehe mapema."

Kidogo Kisiki acheke. Kisha kiti cha pembeni, upande wa njia, kikajaa. Aliyekaa alikuwa pandikizi la mtu, koti zuri, saa ya kung'aa, na ndani ya koti ile jezi. Rangi zilezile zilizoangusha uzio. Kisiki aligeuza uso upande wa dirisha na kujifanya amelala. Alijua watu wa jukwaa la nyuma hawana nauli ya ndege. Hakuwa amemfikiria mwenyekiti wa tawi lao la mashabiki, mwenye maduka.

Ndege ilipaa. Mhudumu alipitisha maji na karanga. Wingu likawapokea, ndege ikatumbukia ghafla kama gurudumu kwenye shimo, na miwani ya Kisiki ikamdondokea mapajani. Alipoirudisha usoni, jirani yake alikuwa ameshamwangalia.

Mtu yule alishusha kiwiko chake taratibu kwenye mkono wa kiti, akakipitisha upande wa pili, mpaka ncha yake ikatua kwenye mbavu za Kisiki. Akasukuma.

Kwenye viti vile huna pa kuhamia. Upande mmoja kiwiko, upande wa pili mama wa watu, mbele kiti, tumboni mkanda. Kisiki aliuma meno. Kila ndege ilipotikisika kiwiko kilizama zaidi, na mhudumu alipopita kiliondoka, na mwenye kiwiko akatabasamu na kuomba maji mengine.

"Tafadhali, ndugu," Kisiki alisema kwa sauti ya chini. "Nimevunjika hapo."

"Najua. Nilikuwepo." Mtu yule aliongea kwa kunong'ona, macho mbele, kama anayesali. "Umetushusha daraja. Timu ambayo baba yangu aliibeba mgongoni. Unajua nimelala wapi jana? Sikulala."

"Mpira uligusa mkono. Umeona."

"Nimeona." Kiwiko kikarudi.

Mama wa vitambaa alifungua jicho. "Wewe baba, huoni unamkandamiza mgonjwa?"

"Nafasi ndogo, mama. Walalamikie wenye ndege."

Kisiki alifumba macho. Aliweka mikono chini ya mapaja na kuikalia, kama alivyofanya utotoni. Alihesabu pumzi. Na huenda angefika salama, kwa sababu mtu aliyevumilia miaka yote ile hashindwi na kiwiko. Lakini yule mwenyekiti aliona kiwiko hakitoshi, akasogeza mdomo sikioni.

"Rafiki yako wa kibendera, mkono ule haurudi. Tuliukanyagia kwenye ngazi. Alikuwa anamwita mama yake. Mtu mzima na ndevu zake, 'mama, mama.' Na wewe ulikuwa ndani, umejifungia. Ulimsikia, sivyo?"

Kisiki aliitoa mikono chini ya mapaja.

Ngumi ya kwanza ilimkuta mwenyekiti bado mdomo wazi, na taya lililia. Ya pili ilitua puani, damu ikaruka mpaka kwenye kiti cha mbele. Mwenyekiti alinguruma, akamkaba koo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akawa anamtwanga mbavu zilezile. Wote wawili walikuwa wamefungwa mikanda; hakuna aliyeweza kusimama wala kukimbia. Walipigana wameketi, uso kwa uso, kama mapacha wanaogombea titi. Kisiki hakusikia maumivu. Alikuwa akirudisha mkono nyuma na kupiga, akirudisha na kupiga. Mara moja, aliporudisha, kiwiko chake kiligonga kitu kigumu upande wa dirisha. Hakugeuka. Alirudisha tena, kikagonga tena.

Abiria walipiga mayowe. Mhudumu alijitupa katikati yao, akapata kofi lisilojulikana la nani. Mwishowe kijana mmoja wa viti vya nyuma alimvuta Kisiki shingo kwa mkanda wa suruali mpaka pumzi ikakatika, na wanaume wengine wawili wakamfungua mwenyekiti mkanda, wakamwangusha na kumlalia pale pale kwenye njia. Hivyo ndivyo ndege ilivyotua: mmoja amekabwa, mwingine amekaliwa, na karanga zikiviringika sakafuni kila rubani aliposhika breki.

Ndipo Kisiki alipogeuza shingo kidogo na kumwona mama wa vitambaa. Alikuwa ameshika mdomo kwa viganja vyote viwili, na damu ilikuwa ikichirizika katikati ya vidole kuelekea kwenye mkoba.

Kwenye kituo cha polisi cha uwanja wa ndege waliwekwa benchi moja, mwenyekiti na pamba puani, Kisiki na pingu. Mama akaletwa kutoka zahanati, midomo imevimba. Meno yake ya mbele hayakuwepo.

"Mama, nani alianza?" askari aliuliza.

"Huyu mkubwa alimchokoza mgonjwa. Nimeona." Aliongea kwa shida, herufi zikimtoka kwa upepo. "Na huyu mgonjwa amenivunja meno. Nimeona pia. Andika yote mawili, usichague."

"Mama, sikukusudia," Kisiki alisema. "Naapa, sikujua ni wewe."

"Mimi sikufunga goli, baba. Wala sikushika mpira."

Mwenyekiti alicheka kidogo, pua ikamuuma, akaacha.

Waliwekwa rumande chumba kimoja, maana hakukuwa na kingine. Askari walidhani watauana. Hawakugusana. Mwenyekiti aliketi pembeni akageukia ukuta, na baadaye Kisiki akagundua kwamba lile bega kubwa linatikisika: mtu analia, analilia timu. Kisiki hakumhurumia. Alikuwa akikitazama kifundo cha mkono wake kilichovimba, na akahisi njaa ya kumpiga tena, pale pale akiwa analia. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Mahakama iliwapa onyo kali wote wawili. Chama cha mpira kikamsimamisha Kisiki msimu mzima. Mshika kibendera alitoka hospitali na mkono uliokauka kama kuni, na Kisiki akaenda kumwona. Mwenzake akauliza, "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Hata mimi nisingefungua," mwenzake alisema, akageuza uso.

Kwa mama wa vitambaa alikwenda na mkewe. Duka lilikuwa dogo, vitambaa vimesimama wima mpaka darini. Mama alikuwa na meno mapya, meupe kuliko wenzao. Aliwapa viti, akamsikiliza Kisiki akiomba radhi mpaka mwisho, akakunja kitambaa kilichokuwa mkononi.

"Nimekusamehe, maana kinyongo kinanichosha," alisema. "Ila kuna kitu kimoja nataka ujue, kwa sababu wewe hukujiona. Nilikuwa karibu yako. Ulipokuwa unampiga yule mtu, ulikuwa unacheka."

"Nacheka?"

"Unacheka, baba. Kama mtu aliyerudi nyumbani."

Kisiki aliaga, akatoka. Njiani mkewe hakumuuliza kitu.

Msimu huo wa adhabu ulipopita na mwingine kukaribia, kamishna alimpigia simu. Adhabu imekwisha, kuna mechi ya ufunguzi, waamuzi hawatoshi. Kisiki alikuwa mezani na mkewe, watoto wametoka. Alimsikiliza kamishna vizuri, akamshukuru, akamwambia atafute mwingine. Kamishna akambembeleza, akamwita kisiki cha mpingo. Kisiki akarudia kwamba hawezi, akakata simu.

"Unaogopa watakupiga tena?" mkewe aliuliza.

"Kupigwa nimezoea."

"Sasa nini?"

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwambia habari za sokoni. Mkewe alijua tu kwamba baba mkwe alikufa kwa kifua kikuu. Sasa akamwambia yote, gunia, ukingo wa saruji, mlio ule, na maneno ya mama yake jikoni.

"Yule mama wa vitambaa hakukosea," alimalizia. "Ilikuwa tamu. Nikirudi uwanjani, wa kwanza atakayenitemea mate nitamshukuru moyoni, maana atakuwa amenipa ruhusa."

Mkewe alimtazama kama anayemwona mgeni mlangoni. Akasogeza kiti chake nyuma kidogo, na Kisiki akaliona hilo, akaliacha lipite. Simu iliita tena mezani. Ilikuwa ya jirani: bomba limepasuka, maji yanaingia sebuleni, afanye haraka. Kisiki akanyanyuka, akachukua begi la vifaa, akatoka.

Mkewe alibaki pale pale mpaka watoto walipoanza kusikika uani. Ndipo akasimama, akawasha jiko.