Beki wa Kushoto

Nikisikia harufu ya kaimati zikitoka kwenye mafuta, na shira ya iliki ikichemka kando, moyo hunirudisha nyumbani kwetu Bondeni, alasiri za Ramadhani, mimi na kaka yangu Swaleh mbele ya kompyuta kuukuu tukingoja magharibi. Wenzetu walisogeza saumu kwa karata. Sisi tulikuwa na gemu ya umeneja wa mpira. Swaleh akipanga timu, mimi nikibonyeza.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu, kushambulia. Mabeki wote wawili wa pembeni aliwapandisha hadi kwenye lango la wapinzani, na wale wa kati akawasogeza katikati ya uwanja. Ulikuwa mtamu, wallahi. Tukipoteza mpira tuliupokonya papo hapo, na mabao yaliingia kabla wapinzani hawajatulia. Lakini pasi moja ndefu ikiwapita juu, nyuma hakukuwa na mtu, na kipindi cha pili wachezaji walikuwa hoi.

"Kaka, na kipa yuwasalia na nani?" nilimuuliza.

"Yuwasalia na Mola wake."

Tukacheka hata mama akatuuliza kutoka jikoni kama kweli tumefunga.

Mwaka mmoja, jioni ya mwisho ya mfungo, Swaleh alimrudisha nyuma beki wa kushoto. Tukatoka suluhu bila bao, nami nikanuna.

"Wote wakenda mbele, nyumbani hubaki nani?" akasema. "Mmoja na akae, mamangu." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mchanga.

Mama alikuwa akijifuta macho kwa leso. Nilidhani ni moshi.

Idi ilipopita, Swaleh akaenda Uarabuni kutafuta kazi, maana baba alipokufa mzigo wote ulikuwa wake. Hakurudi. Gari lilimgonga, akazikwa hukohuko, wala hatukupata hata kumtia udongo. Mpaka leo hilo huniuma kuliko yote.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba jioni ile yeye na Swaleh walikuwa wameshakata shauri: kaka aende, mimi nibaki na mama. Sasa macho yake hayaoni vyema. Kaimati nazikaanga mimi, yeye huonja shira na kusema iliki haijatosha.

Nimebaki, kaka, kama ulivyonipanga. Ila wewe huko, ulisalia na nani?