Tulipowasalimia Tonga

Harufu ya miwa iliyoungua ilifika Isipingo, kusini mwa Durban, kabla ya majivu yenyewe. Kila majira ya baridi wakulima walichoma mashamba kabla ya kuvuna, na asubuhi vipande vyeusi, vyepesi kama manyoya, vilishuka kimya juu ya nguo kambani, juu ya nywele zetu, juu ya uwanja wa vumbi tuliochezea mpira. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa kinyozi kutoka Bukavu, na mwaka ule Kombe la Dunia lilikuwa limekuja Afrika Kusini.

Sisi watoto wa wakimbizi nasi tulitaka kombe letu. Mwalimu Léonard, Mrundi aliyewahi kufundisha jiografia kwao na ambaye sasa alilinda magari maegeshoni, alikubali kulisimamia kwa sharti moja: timu yoyote isiitwe Kongo, Burundi wala Rwanda. "Mkichezea majina hayo, baba zenu watapigana," alisema. Alikuwa amesoma kwamba huko Pasifiki timu za taifa za vijana wa visiwani hukutana kushindania kombe lao, basi akatugawia visiwa: Fiji, Samoa, Tonga, Tahiti. Sisi tukawa Vanuatu. Hakuna mzazi aliyekuwa na ugomvi na Vanuatu. Rafiki yangu Divine, binti wa Kirundi aliyeishi mtaa wa Clairwood, alikuwa kipa wa Tahiti, na alidaka akiwa amevaa glavu za baba yake zilizompwaya.

Kisha uvumi ukaanza. Kwenye teksi na sokoni watu walisema Kombe la Dunia likiisha, wageni wataondolewa kwa nguvu. Watu wazima walinyamaza kila tulipoingia chumbani. Jumamosi moja tulifika uwanjani, Tonga hawakuwapo, hata mmoja. Mwalimu alitazama saa yake kwa muda mrefu, halafu akatuambia tujipange tuwasalimie.

"Tusalimie nani, Mwalimu?" aliuliza Junior, nahodha wetu.

"Tonga. Wakirudi wasisikie kwamba tuliwakosea heshima."

Tukapita mmoja mmoja, mikono tumeinyoosha, tukishika hewa. Hakuna aliyecheka. Nilipofika katikati ya mstari ule usio na watu, ubaridi ulinipita kiganjani, nikaurudisha mkono haraka na kuupangusa kwenye kaptura. Mpaka leo sijui ulikuwa upepo au woga wangu. Jumamosi iliyofuata tuliwasalimia Samoa hivyo hivyo, kisha Fiji, na kwa njia hiyo tukafika fainali bila kumfunga mtu.

Siku ya fainali, kwa upande wa Tahiti alikuja Divine peke yake. Gari lao lilisimama kando ya barabara, magodoro yamefungwa juu, baba yake kwenye usukani, injini ikiunguruma.

"Utacheza?" Mwalimu alimuuliza.

"Nitacheza."

Filimbi ikapigwa. Junior alinipa mpira, nikaenda nao mbele. Hakuna aliyenizuia. Nilisikia nyayo zangu tu, na majivu yalikuwa yakianguka kati yangu na goli. Hatua chache kabla ya kufika nilisimama.

"Munaenda wapi?" nilimuuliza Divine.

"Sijui. Papa hasemi. Piga."

"Eish, Divine, siwezi."

"Kama haupige, nimekuja bure."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote, sikumhurumia. Aliruka upande wa kushoto, akaudaka mpira kifuani, akalala nao chini akicheka. Honi ikalia. Aliinuka, akaniwekea mpira miguuni, akakimbilia gari. Mwalimu aliandika daftarini: sifuri kwa sifuri. Kombe lile halikupata mshindi.

Mtaani kwetu siku iliyoogopwa, ya kumalizika Kombe la Dunia, ilipita salama. Baba alifungua tena duka lake la kunyolea siku ya tatu. Divine sikumwona tena.

Siku hizi ninafundisha shule moja ya msingi huko Chatsworth na kusimamia timu ya watoto. Wana jezi, wana refa mwenye leseni. Wapinzani wasipotokea, refa husubiri kidogo, hutupatia ushindi, na watoto wangu hurukaruka kwa furaha, nami siwakatazi. Kwao timu isiyofika ni pointi tatu. Mimi hujitenga kando na kumpigia simu mwalimu wa upande wa pili, tena na tena, mpaka apokee. Kwa kawaida ni basi tu limeharibika.