Ninga wa Pemba, na Nani Abaki Dukani

Nilianza kumchukia yule nesi kabla hajanikosea chochote. Alikuja dukani kununua sabuni, akaona darubini imening'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, akauliza, "Hii ya nani?" Shoga yangu mwenye duka akajibu, "Yetu." Hapo hakukuwa na ubaya. Lakini nesi akaomba aishike, akafuta vioo vyake kwa upindo wa kitenge, akaiweka machoni, akazungusha kitu fulani upande wa jicho la kulia, kisha akanyoosha mkono kunipa.

"Tazama sasa."

Nikatazama. Kunguru aliyekuwa juu ya bati la jirani, ambaye siku zote tulimwona wawili wamepandana, akawa mmoja, kamili, mpaka macho yake niliyaona yakipepesa. Tangu tuinunue mnadani kwa mtu wa mitumba tulikuwa tunafumba jicho moja. Tulidhani ndivyo ilivyotengenezwa.

"Jamani, nesi!" shoga yangu akapiga kofi la furaha. "Wewe umetoka wapi?"

Ametoka Mahenge, alikuwa amehamishiwa Ifakara muda si mrefu, na tangu siku hiyo hakununua tena sabuni mahali pengine.

Mimi si mtu wa kukaa. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimebanika samaki Malinyi, nimevuna mpunga wa watu Michenga, nimepika kambini kwa watu wanaokuja na kuondoka. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka nikachokwa, au nikachoka mimi, nikafunga mzigo. Hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, nilikaa kwa sababu ya huyu mwenye duka. Alinipa kona ya baraza lake nikaangie vitumbua asubuhi, naye akawa na tabia ya kujibu maswali yangu kwa maswali mengine. Baba yake alitoka Pemba zamani kuja kuuza nguo. Yeye kazaliwa hapa hapa, Pemba ameiona mara mbili tu, tena akiwa mtoto.

Habari ya ndege nilianza mimi. Nilikuwa napika kwenye kambi moja karibu na mto, wakaja wageni wa mbali, wazee wenye mvi, wakapiga magoti kwenye tope mbele ya matete kama watu wanaopokea ekaristi. Nikamuuliza dereva wao wanatafuta nini. Akasema wanamtazama mnana. Nilicheka. Mnana! Mimi utoto wangu wote nimeamia ndege, yaani kushinda juu ya dungu katikati ya mpunga, nikipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo ili wasimalize mavuno ya mama. Mnana nilimjua kama mwizi. Dereva akaniambia huyu wa hapa ni wa aina yake, hayupo popote duniani ila bondeni kwetu. Niliacha sufuria motoni nikaenda kupiga magoti na mimi. Wali uliungua, na kazi ikaisha wiki ile ile.

Nilipomsimulia shoga yangu, akasema, "Hata Pemba yupo wa namna hiyo. Ninga wa kijani, jamii ya njiwa. Baba alikuwa akisema ukimwona ninga yule ujue umefika kwao, kwingine hayupo." Basi. Mpango ukazaliwa pale pale juu ya magunia. Kama watu wanavuka bahari kuja kutazama mnana wetu, sisi tunashindwa nini kwenda kutazama ninga wao? Tulipanga Februari. Februari watu wako mashambani, hela hawana, duka linasinzia, tungelifunga wiki nzima na hakuna ambaye angegombana nasi. Tungefikia kwa shangazi yake, karibu na msitu. Kila jioni wakati wa kufunga duka tuliipanga upya safari ile, basi hadi Morogoro, treni, meli, kana kwamba haijapangwa jana.

Sasa nesi akaingia. Alikuwa na kitabu chenye picha za ndege. Alikuwa na simu inayovuta picha ya mbali. Alikuwa na muda wa jioni, na jioni ndiyo ilikuwa yangu. Nilianza kukuta stuli yangu imekaliwa. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa nacho ningepata cha kumsema. Aliniita mdogo wangu, alinunua vitumbua vyangu, alisifia vitumbua vyangu.

Kwetu wanawake hawatoki pamoja kwenda mbali bila sare. Nilishachagua kitenge mapema, chekundu chenye maua ya manjano, shoga yangu akakitenga chini ya kaunta. Siku moja nesi akakivuta.

"Hiki cha harusi ya nani?"

"Sare yetu ya Pemba," nikasema.

"Ya kwendea kwa shangazi, au ya kuingilia msituni?"

"Yote."

Akanitazama kwa upole, ule upole wa mtu anayeshika sindano. "Mdogo wangu, si wewe uliyetusimulia kwamba shambani mlikuwa mnafunga matambara mekundu kwenye kamba?"

"Ndiyo."

"Ya kazi gani?"

Shoga yangu akanijibia. "Ya kufukuza ndege!" Akacheka mpaka akashika kaunta. "Tungetembea msitu mzima, mimi na wewe, kama matambara mawili ya kuamia! Shangazi angesema wametoka bara kuja kufukuza ninga!"

Nilicheka nao. Kwenye karai kitumbua kilikuwa kinageuka mkaa. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyekaa miaka juu ya dungu, mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo hata usingizini, na mtu wa milimani, ambaye kwao hakuna hata bonde la kuamia, ndiye aliyelikumbuka.

Kesho yake nikamkuta shoga yangu anakata kitenge cha kijani iliyofifia, kama majani makavu. Kilikuwa kipande cha mwisho, kinatosha magauni mawili.

"Hiki changu na cha nesi, nimemwambia twende naye Pemba," akasema bila kuinua macho kwenye mkasi. "Wewe nitakuletea kingine nikienda kuchukua mzigo."

"Usijisumbue."

"Umenuna?"

"Moshi tu."

Halafu ikatoka likizo ya nesi. Alikuja mbio akiwa bado na sare ya kazini. "Julai!" akasema. "Nimepewa Julai."

Mtu asiyeijua Ifakara haoni tatizo la Julai. Julai mpunga umeuzwa. Watu wanashuka kutoka kila upande, harusi, komunio, wanawake wanataka vitenge, wanaume wanataka mashuka, na mwenye duka halali mchana. Kufunga duka Julai ni kama kuacha nyavu nchi kavu samaki wakipita. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikajua shoga yangu atasema haiwezekani.

Alifikiri. Kisha uso wake ukafunguka, akanigeukia.

"Si yupo huyu? Yeye atabaki dukani." Akanishika bega. "Nani mwingine nitamwachia funguo? Ndugu zangu wa damu siwaachii. Wewe nakuachia hata macho yangu."

Alisema kama mtu anayenipa zawadi, na ilikuwa zawadi. Hakuna mji wowote niliopita ambao mtu aliniachia funguo. Nesi akasema, "Kweli, mdogo wangu ni mwaminifu." Nikasema nitafikiria. Nikabeba karai langu nikaondoka vitumbua vikiwa bado mbichi kwenye ndoo.

Nilikwenda mtoni nikakaa juu ya kichuguu. Mnana walikuwa wanasuka viota kwenye matete, wanagombania majani, wanaibiana. Kwa kawaida nikiumia nafunga mzigo, na Malinyi samaki walikuwepo. Nilifikiria pia jambo jingine, na hili nililifikiria kwa muda mrefu na kwa raha: niende Pemba peke yangu, niwatangulie. Wao wakishuka na magauni yao ya kijani wanikute barazani kwa shangazi nimekunja miguu nakunywa uji, niseme, "Karibuni, poleni na safari." Nilimwona nesi akiwa amechoka, ametapika melini. Nilimwona vizuri sana.

Ila kila nilipojaribu kumwona ninga mwenyewe, juu ya mti, kulikuwa na sauti pembeni yangu ikisema, "Yuko wapi? Mbona simwoni? Mti upi?" Shoga yangu ndivyo alivyo. Ndege unamwonyesha kwa kidole, kwa fimbo, kwa kumgeuza kichwa, naye anamwona akishaanza kuruka, anapiga kelele kama aliyemgundua yeye. Nikiiondoa sauti ile, mti unabaki mti.

Nikarudi. Alikuwa peke yake, anakunja mashuka.

"Sitakaa dukani," nikasema.

"Unaumwa?"

"Nina wivu."

Akaacha kukunja. "Wivu wa nini? Kwani mimi mumeo?"

"Mume ningemwacha."

Akacheka peke yake, akaona sicheki, akaacha. Akaingia mama mmoja akitaka uzi mweusi. Akampa uzi, akamuuliza habari za nyumbani, akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani.

"Wewe mwanamke," akasema, "unataka nimwambie nini mtu wa watu? Shangazi nimeshampigia. Ameshaanza kuuliza wageni wanakula nini."

"Mwambie sisi ni Februari, kama tulivyosema."

"Likizo yake ni Julai."

"Basi aende Julai."

"Peke yake? Kwa shangazi yangu?"

"Shangazi yako amekataa wageni lini?"

Akasonya. "Na atazame kwa kitu gani, kwa vidole?"

"Aende na darubini." Neno lilinitoka kabla sijalipima, na likaniuma lilipokwisha kutoka.

Alinitazama sana. "Utanigombanisha na watu, wewe." Lakini jioni ile nilimsikia akiongea na simu nyuma ya pazia, sauti ya chini, ile ya kuomba radhi. Nilisubiri nisikie ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Nesi alikubali upesi, akashukuru, akauliza namba ya shangazi. Hilo nalo likaniudhi. Mtu niliyepigana naye vita nzima hakuwa hata anapigana.

Julai nesi akaenda Pemba. Duka lilijaa watu, nami nikaacha vitumbua nikawa nasaidia kupima vitenge. Shoga yangu alikuwa anachungulia simu kila dakika. Shangazi anamwita nesi mwanangu. Shangazi amempikia pweza wa nazi. "Mimi shangazi hajawahi kunipikia pweza," shoga yangu akasema, na nikaona midomo yake imebana, nikajua ugonjwa wangu umemfikia. Sikumwonea huruma.

Kisha ikaja picha. Nilikuwa nimeapa sitatazama. Wateja watatu wanasubiri, na sisi tumeinamia simu kama kuku kwenye punje. Alikuwepo, tawini, kijani chenye ukijivu, begani ana doa kama zambarau iliyoiva, mdomo mwekundu kwenye shina. Nikaikuza picha kwa vidole. Alikuwa mzuri kuliko nilivyomwazia, na nilimchukia nesi mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaikuza tena.

"Anakula nini?" nikauliza.

"Nitajuaje? Muulize mwenyewe," akanisukumia simu.

Nilikaa nayo mkononi. Kumuuliza ni kukubali kwamba yeye kamwona na mimi sijamwona. Mteja mmoja akasema, "Dada, kitenge changu." Nikabonyeza pa kurekodi.

"Shikamoo dada. Poleni na jua. Huyo ndege anakula tunda gani? Analimeza zima au analidonoa? Na akiruka, mbawa zinapiga kelele kama za njiwa, au kimya? Usimsogelee sana, mwache atulie."

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kumkatia yule mama kitenge chake. Sauti ya nesi ilikuwa na upepo ndani yake. "Marahaba, mdogo wangu. Nimepiga picha moja tu, akaruka. Anachokula sikukiona hata kidogo."

"Amesemaje?" shoga yangu akauliza.

"Hajui."

"Hajui nini?"

"Anachokula," nikasema, nikainamia kitenge ili asinione ninavyotabasamu. "Bado hakuna anayejua."