Viwili Vyako, Viwili Vyangu

Mimi ni mtu wa ndani. Wapo wanaume wanaoijua Kariakoo kichochoro kwa kichochoro. Mimi naijua kwa kelele zinazopita dirishani. Nilipomaliza kidato cha nne dada yangu alinitoa kwetu kusini, akanipokea kwenye chumba chake Msimbazi. Nikakaa kwenye cherehani kubadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba, na sikuona sababu ya kuinuka. Akaniita mwali, kama msichana aliyefungiwa ndani akisubiri ngoma yake.

"Mwali, unatolewa lini?" alikuwa akiniuliza akirudi jioni. "Nimechoka kukuwekea chakula mlangoni."

Yeye alikuwa mtu wa miguu. Aliuza viatu vya mitumba soko la Mchikichini. Belo la viatu likifunguliwa alfajiri yuko pale. Mchana ameshazunguka Kariakoo nzima kumtafutia mteja jozi moja. Alikuwa akikutupia jicho mguuni mara moja tu, anakutajia namba yako.

Nilipoanza kukohoa tulilaumu vumbi la mitumba. Kwetu kila kikohozi ni vumbi, na dawa ya vumbi ni maziwa. Nikanywa maziwa mpaka nikawaonea aibu ndama. Nilipotema damu ndipo nikaenda kliniki. Kifua kikuu, kile cha kawaida kinachopona: dawa miezi sita. Nesi akaniambia nichague mtu wa nyumbani wa kunisimamia nikimeza, na kila siku atie alama ya vema kwenye kadi. Nikamchagua dada. Ningemchagua nani mwingine, cherehani?

Vidonge vilikuwa vinne kila asubuhi. Mwezi wa pili nilikuwa nimenenepa, nikaanza kupanua suruali zangu mwenyewe. Mwezi huohuo dada akaanza kukohoa. Kliniki akakataa katakata. Mwenzake wa meza ya jirani aliwahi kuonekana kwenye foleni ile, na wateja wakaacha kujaribu viatu vyake, kana kwamba ugonjwa unakaa kwenye soksi.

Basi mimi, msomi wa kidato cha nne, niliyefaulu Baiolojia, nikatoa wazo. Mimi nimeshapona, vinne vya nini? Kwetu mtu hali chapati mbili mwenzake akimtazama.

"Viwili vyako, viwili vyangu," nikamwambia.

"Leo mwali ana akili!" Akameza vyake, akatia vema kwenye kadi.

Kadi ile ilikuwa safi kuliko cheti changu cha shule. Vema zilijaa mpaka mstari wa mwisho. Haikupita miezi mingi tukawa tunakohoa kwa kupokezana, kama kwaya. Makohozi yetu yakaenda maabara, jibu likarudi moja kwa wote wawili: sugu.

"Wadudu mliwaonjesha dawa tu," nesi alisema tulipoungama. "Hawakufa. Wakaizoea."

Hapo zikaja dawa nyingine, aina tano kwa mpigo, mwaka na nusu, na kila asubuhi tunameza mbele ya nesi mwenyewe. Usimamizi wa nyumbani ukaishia hapo. Moja ilitufanya weusi kama masufuria ya mkaa. Dada akasema sasa hata kwetu kusini watatushangaa. Nyingine, nesi alituonya, inaweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu.

"Mkisikia ganzi au nyayo zinawaka, semeni siku hiyohiyo. Tutaipunguza au tutaibadilisha. Mkichelewa, miguu inaweza isirudi."

Mwezi wa tano wa dawa hizo dada alikatiza chumbani peku kuchukua maji. Pini yangu ya kushonea ilikuwa imesimama kwenye kisigino chake, imezama nusu. Akamimina maji, akanywa, akageuka.

"Dada, mguu wako."

Akatazama chini. Akaichomoa kama anayetoa uzi kwenye nguo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku nyingi."

"Kesho tunamwambia nesi."

"Humwambii mtu. Watanitoa kwenye dawa, nianze upya, nife."

"Alisema watapunguza tu..."

"Mwali." Safari hii hakuwa akitania. "Dozi ya kwanza uliniharibia wewe. Hii niachie."

Nikaipokea pini mkononi mwake, nikarudi kwenye cherehani.

Asubuhi nesi akauliza, "Miguu?"

"Salama," dada akajibu.

"Na wewe, kaka?"

"Yangu salama," nikasema. Wala sikudanganya. Yangu ilikuwa salama, na mpaka leo ni salama, miguu ya mtu asiyekuwa na pa kwenda.

Tulipona wote wawili. Makohozi safi, mapafu yana makovu lakini yanavuta hewa. Nesi alitupigia makofi. Ganzi ya dada ilikuwa imeshapanda mpaka juu ya vifundo vya miguu, na daktari hakutuficha: hiyo haitaondoka.

Sasa kwenye meza ya Mchikichini nasimama mimi. Mwali nimetolewa. Wateja nawauliza namba zao, maana macho ya dada sikurithi. Yeye anakaa kwenye kiti changu, anashona zipu kwa hasira.

Juzi alirudi kutoka uani akiwa na ndala mguu mmoja. Ya pili ilimvuka koridoni bila yeye kujua. Nikaifuata, nikapiga magoti, nikamvisha. Alikuwa akitazama dirishani.

"Imeingia?" akaniuliza.

"Imeingia, dada."