Pikipiki ya Kimo Changu: Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilizaliwa Kitale, nikapangiwa kazi Lodwar, na tangu nifike huku nimekuwa nikizunguka na pikipiki ndogo yenye injini ya sisi mia moja ishirini na tano, aina ile ile inayobeba abiria na magunia kote nchini. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha, kwenye uwanja nyuma ya ofisi yetu, wenzangu wakinitazama kutoka mbali kwa usalama wao. Sina ugomvi nayo. Lakini mwaka huu eneo langu la kazi liliongezwa likafika chini ya milima ya Loima, na njia ya huko ni mchanga mtupu. Siku moja watu walikusanya mbuzi wao tangu asubuhi wakinisubiri na chanjo. Injini ililia, tairi la nyuma likachimba hadi likazama, barafu ikayeyuka ndani ya sanduku la chanjo. Sikufika. Wenye mbuzi walichoka kungoja wakawafungulia waende malishoni, na kabla sijapata njia ya kurudi, ugonjwa ulikuwa umeshaingia zizini.

Hapo ndipo nilipoanza kuulizia pikipiki kubwa kidogo. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa nambari: mia mbili, mia mbili hamsini, mia nne. Hakuna aliyeniuliza njia ninazopita wala urefu wa miguu yangu, na mimi si mrefu; mume wangu akitaka kunitania huniwekea sukari kwenye rafu ya juu. Nikasikia kwamba Kakuma kuna mbili zinazouzwa. Moja ni ya mia nne, ya mfanyabiashara Msomali aitwaye Abdirahman. Nyingine ni ya mia mbili hamsini, ya fundi mmoja Mkongomani. Niliomba ruhusa kazini, nikajaza tangi.

Saa tatu asubuhi nikaiacha laga ya Kawalase nyuma yangu. Laga ni mto mkavu, unaopata maji mvua inaponyesha mbali. Siku nyingine zote ni barabara ya mbuzi. Lami ya kwenda Kakuma ni nzuri siku hizi, na pikipiki ndogo huipenda, ila upepo ukivuma kutoka ubavuni unaisukuma kama karatasi. Kila lori lililotoka Lokichoggio liliponipita, nilivutwa kwanza kuelekea kwake, kisha nikatupwa pembeni. Nilikuwa nimefungulia mafuta hadi mwisho na mshale wa mwendo ulikataa kusogea.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari mmoja kijana alitazama kofia yangu, akatazama pikipiki.

"Madam, unaenda wapi na hii?"

"Kakuma. Kununua kubwa."

"Kwani hii ina nini?"

"Haina kitu. Ni mimi kazi imenizidi."

Akacheka, akainua kizuizi. "Ukirudi na hiyo kubwa, simama niione."

Karibu na adhuhuri milima ya Pelekech ilikuwa imesogea, myeusi katika joto, na muda si mrefu nikaingia Kakuma. Abdirahman nilimkuta dukani, katikati ya magunia ya mchele na maboksi ya tambi, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alinipa chai yenye tangawizi kabla ya kunionyesha chochote. Kisha akavuta turubai.

Nakiri moyo ulinienda mbio. Pikipiki ilikuwa nyeusi, silinda mbili, tangi pana linalong'aa hadi nikajiona uso. Nilipopanda, ncha za vidole tu ndizo zilizogusa chini.

"Imekaa kwako vizuri," Abdirahman alisema.

"Miguu haifiki."

"Ukianza kwenda, miguu ya nini?"

Nikaipeleka kwenye lami, upande wa Kalobeyei. Sikujua kama chombo cha magurudumu mawili kinaweza kutulia hivyo. Upepo ule ule ulionisukuma asubuhi ulikuwa sasa unapita tu. Nilipita lori na bado mkono wangu ulikuwa haujageuza hata nusu. Nilirudi nikicheka peke yangu ndani ya kofia, na kama ningenunua dakika ile, safari hii ingekuwa imeishia hapo.

Lakini kazi yangu haiko kwenye lami. Nilimwambia Abdirahman nataka kuijaribu kwenye mchanga.

"Wallahi, daktari, hii ni ya barabara," alisema. Alifikiri kidogo, akachukua bakora yake. "Haya. Twende Tarach. Mimi nitasimama juu."

Tarach ni laga inayopita kando ya mji na kambi ya wakimbizi. Alasiri hiyo ilikuwa kavu, pana, mchanga wake mweupe ukichoma macho. Katikati, wanawake wa Kiturkana walikuwa wameinama kwenye visima walivyochimba mchangani, wakichota maji kwa vikopo na kuyajaza madumu. Mbingu juu yetu ilikuwa safi, isipokuwa wingu jeusi lililolala mbali, upande wa Uganda.

Nilishuka polepole. Gurudumu la mbele likaanza kuogelea kushoto na kulia. Kwenye pikipiki yangu ndogo ningeweka miguu chini nikatembea nayo. Hapa miguu ilitafuta ardhi isiipate. Niliongeza mafuta kidogo, kama nilivyozoea. Lakini kidogo ya pikipiki ile haikuwa kidogo ya pikipiki yangu. Iliruka, ikageuka ubavu, tukalala wote wawili chini karibu na visima.

Sikuumia. Nilisimama, nikashika usukani, nikavuta. Haikutikisika. Nikavuta tena hadi nikaona nyota. Wanawake waliacha kuchota wakanitazama. Mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye shanga hadi kidevuni, akaja, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejoka, mama. Hiyo kitu imekufa?"

"Haijafa. Ni nzito."

Alikuwa anataka kusema jambo, mara akageuza kichwa. Mbuzi waliokuwa kando yake waliinua vichwa wakati ule ule. Mimi nilisikia baadaye kidogo: mngurumo wa chini, kama lori linalopanda mlima, lakini ulitoka upande wa juu wa laga, ambako hakuna barabara.

"Maji!" akapiga kelele. "Maji inakuja!"

Kule kwenye kona ya mto nikaona ukingo wa rangi ya kahawia, hauna urefu wa kutisha, umebeba matawi na povu, unakuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Wanawake walinyakua madumu na watoto. Kutoka ukingoni Abdirahman alikuwa akipunga bakora.

"Wacha! Daktari, wacha hiyo chuma! Toka!"

Ningepaswa kutoka. Lakini pikipiki ilikuwa ya mtu, na mimi ndiye niliyeilaza pale. Nikainama nikashika tena usukani, nikavuta, nikalia kwa hasira. Mwanamke yule mrefu, ambaye alikuwa ameshamfikisha mwanawe juu, alishuka tena mbio, na wenzake wawili nyuma yake.

"Usivute!" alinifokea. "Weka mgongo. Mgongo! Kama ngamia amelala!"

Alinigeuza kwa mabega, akanikalisha kinyume dhidi ya kiti, naye akafanya vivyo hivyo pembeni yangu. Wenzake wakashika mbele na nyuma. Tukasukuma kwa miguu, tukirudi kinyumenyume, na pikipiki ikainuka. Tukaisukuma kuelekea ukingoni, magurudumu yakikata mchanga, pumzi zetu zikitoka kwa sauti. Tulikuwa tumefika kwenye mteremko maji yaliponifika vifundoni, mara magotini. Abdirahman alishuka na kanzu yake yote, akashika mbele. Wanaume waliokuwa wakipita wakamshika yeye. Tukatoka.

Tuliposimama juu, laga yote ilikuwa maji. Visima havikuwapo tena. Dumu moja la manjano lilipita likizunguka.

Mwanamke mrefu alikuwa akihema, mikono magotini. Nilimwambia jina langu ni Nekesa, nikamuuliza lake.

"Nakiru," alisema. Akatazama pikipiki, akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini, bila ubaya, kama mtu anayepima kamba na mzigo. "Wewe ukianguka peke yako, nani anakuja?"

Nilimshukuru, maneno yakawa madogo mdomoni. Yeye alishaanza kuwahesabu mbuzi wake.

Kioo kimoja kilivunjika na mkono wa klachi ulipinda. Nilimwambia Abdirahman nitavigharimia, na baada ya yale yaliyotokea niliona aibu kutoinunua. Nikaanza kusema kwamba pengine nikiizoea... Alinikata kauli.

"Sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Nimeona macho yako kule chini. Nikikuuzia, kila nikisikia mvua nitakuwa nawaza uko laga gani." Alikamua pindo la kanzu yake. "Hii nitampa mtu wa lami. Wewe nenda kwa yule fundi Mkongomani."

Jioni niliwasili kwa fundi huyo. Watu wote humwita Papa Furaha, na mkewe Mama Furaha. Mke huyo huoka mikate katika tanuru la udongo uani kwao na kuiuza kambini. Nilikuwa nimelowa na mchanga umenijaa masikioni. Mama Furaha hakuniuliza habari za pikipiki.

"Karibu, mama. Kwanza unaoga, kisha unakula. Maneno ya chuma ni ya kesho."

Nikala sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, nikalala chumba kimoja na magunia ya unga, nikisikia maji ya Tarach kwa mbali.

Asubuhi Papa Furaha akaitoa pikipiki yake. Haikuwa na urembo wowote. Silinda moja, nyembamba, matairi yenye meno, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, bomba la moshi limebadilika rangi. Niliizunguka kwa muda mrefu. Kisha nikasema, "Naomba niiangushe."

Aliweka spana chini. "Unataka kuiangusha? Mama, pikipiki iko muzima. Unaiangusha juu ya nini?"

"Nataka kuona kama nitaweza kuiinua."

Alimtazama mkewe. Mama Furaha akaingia ndani, akatoka na magunia matupu, akayatandika chini. Nikailaza polepole juu yake. Nikageuka, nikaweka mgongo kwenye kiti, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Ilikuwa nzito. Ikaja. Majirani waliokuwa wakinunua mikate walipiga makofi, nami nikailaza tena na kuiinua tena, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

Papa Furaha alikuwa ameshaelewa, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na maswali. Nabeba nini? Sanduku zito kiasi gani? Natembea umbali gani bila kituo cha mafuta? Nikimjibu, anafungua kitu, anafunga kingine. Akakata sponji ya kiti hadi nyayo zangu karibu zote zikagusa chini. Akanionyesha kwamba spea zake zinapatikana hata Lodwar. "Ile ya silinda mbili," akasema, "ikikosa kifaa, unangoja mpaka Nairobi."

Tukapatana, na pikipiki yangu ndogo ikabaki kwake kama sehemu ya malipo. Alisema mkewe ataitumia kusambaza mikate. Mama Furaha, ambaye hakuwa ameendesha chochote maishani, aliikalia uani, akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba itamkimbia.

"Gia ya pili ni ngumu kidogo," nilimwambia. "Usiilazimishe. Iguse tu."

"Na kuanguka?"

"Utaanguka."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya haki. Nilipitia kwa Abdirahman na kioo kipya na mkono mpya wa klachi kutoka kwa Papa Furaha, nikavifunga kwa mkono wangu. Kisha nikamtafuta Nakiru kando ya Tarach nikiwa na dumu jipya, lakini wanawake waliniambia amehamia na mbuzi upande wa juu. Nikaliacha kwao.

Mchana nikaelekea nyumbani. Pikipiki hii haikutulia kama ile nyeusi. Ilitetemeka viganjani, na malori bado niliyahisi. Ila nilipotaka kupita, nilipita. Kizuizini, askari wangu wa asubuhi ya jana hakuwa zamuni.

Mbele kidogo ya kizuizi niliacha lami kwa makusudi, nikaingia kwenye njia ya ngamia. Mchanga ulinishika, nikaweka miguu chini, nikatembea nayo, ikapita. Mbele zaidi ikanishinda, ikalala. Pande zote hapakuwa na mtu, ila ngamia wachache waliokuwa wakitafuna mgunga. Jua lilikuwa kali. Nilizima injini, nikageuka, nikaweka mgongo.

Siku hizi ndugu zangu wa Kitale wameanza kunipigia simu kuniuliza, kwa kuwa na wao wamechoka na ndogo zao, wanunue ya sisi ngapi. Siwapi nambari. Nawaambia waende wakaiendeshe kwenye njia mbaya kuliko zote wanazopita, si ile nzuri ya karibu na duka, halafu wamwombe mwenyewe ruhusa ya kuilaza chini. Wengine wananicheka. Lakini siku ile, baada ya kuiinua peke yangu, nilisimama pale kati ya wale ngamia, pikipiki imesimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe eneo lile sikuwa natazama nyuma kuona lami iko umbali gani.