Ndoo ya Maji kwa Mama Tonu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo jambo hili likinijia ghafla huwa nafumba macho kwa aibu na kusema "ala!" peke yangu jikoni, na wanangu wanadhani nimejikata kisu. Ila mkimaliza kucheka mnisikilize mpaka mwisho, maana watu wengi huupenda mkasa huu nusu ya kwanza, halafu wananyanyuka.

Jina langu Somoe, mzaliwa wa Makote, Newala, na kwetu mnakujua: korosho tunazo, upepo tunao, ofisi za wilaya tunazo, maji hatuna. Enzi zile za ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda na malori yao na kila mgeni akawa na mradi wake, ndipo akaja Tonu, fundi wa mitambo ya maji, kutoka nchi inayoitwa Estonia, ambayo mjomba wangu alidhani ni mkoa wa Urusi (Tonu alinuna siku nzima, nami ndipo nilipojua kwamba kumbe huwa anakasirika). Akaja, akatengeneza pampu, pampu ikaharibika, akanioa. Nikapelekwa kwao.

Sitaki kuwasema vibaya watu walionilisha, lakini upweke wa kule jamani! Tuliishi kwenye jengo la ghorofa, sisi juu kabisa, mama mkwe ghorofa ya chini yetu, na kwenye zile ngazi mtu anakupita bega kwa bega hasemi kitu, utadhani mmegombana jana. Shikamoo yangu sikuwa na pa kuipeleka. Mama mkwe wote walimwita kwa jina lake tupu, mimi ulimi ukakataa, nikamwita Mama Tonu, naye alinitazama, akafikiri, akaitikia. Huyo ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili na kutia matango chumvi. Wifi yangu Kadri hakuwahi kukaa kwangu hata akamaliza kikombe cha chai. Na mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika nchi ile nzima: wanihesabu mtu wa nyumba ile, basi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Desemba, Tonu yuko Finland kwenye vibarua, na Mama Tonu alikuwa na kikohozi wiki nzima, kikohozi kibaya, nilikuwa nakisikia kupitia sakafuni. Mchana jua limeshazama (kule jua la Desemba huja kuchungulia tu), natoka kutupa taka, napita mlangoni kwake naona viatu. Viatu vingi, vimejaa ndani vikamwagika mpaka nje ya mlango, vimepangwa kimya kimya. Nikashuka chini, nikapishana na wazee wawili wamevaa makoti meusi, wameshika maua, nyuso zimekauka. Nyuma yao Kadri, naye kavaa nyeusi tii kuanzia shingoni, ana maua, akanitikisia kichwa akapita. Nikatoka nje nikatazama dirisha la Mama Tonu: mishumaa.

Niambieni nyinyi mngesemaje. Viatu mlangoni, watu kimya, nguo nyeusi, maua, mishumaa, na mgonjwa ndani. Kwetu maua yenyewe huyaoni ila kanisani au juu ya kaburi. Mtu mwingine angeuliza. Mimi sikuuliza, na hapo ndipo nilipojiponza, kwa sababu kwetu mtu hasimami mlangoni pa msiba akauliza "kuna nini?", hiyo ni kazi ya mpita njia, na mimi nilikuwa mkwe, mkwe anatakiwa awe wa kwanza kufika na mimi nilikuwa nimeshachelewa nikiwa juu ya kichwa cha marehemu nakaanga viazi!

Nikapanda mbio. Nikavua suruali, nikajifunga kanga, nyingine kichwani. Na mnajua mwanamke wa Newala hawezi kwenda msibani mikono mitupu: unga kama upo, kuni kama zipo, lakini maji lazima, kwa sababu watu watapika, watanawa, na maiti ataoshwa, na maji ndiyo shida yetu. Kwamba ndani kwa Mama Tonu kuna bomba la moto na la baridi, hilo halikunijia kabisa. Nikajaza ile ndoo kubwa nyekundu, nikasokota ngata ya taulo, nikajitwisha, nikateremka ngazi peku, na kufika kwenye kona nikaangua kilio.

"Mama wee! Mama Tonu mama yangu! Umeniacha na nani huku ugenini!"

Ile ngazi haijawahi kusikia sauti namna ile tangu ijengwe. Milango ikaanza kufunguka juu na chini. Mlango wa Mama Tonu ukafunguliwa na mzee mmoja ana glasi ndogo mkononi, nikampita, machozi yamenifunga macho, nikaingia mpaka katikati ya watu, tayari kupiga magoti chini kwenye jamvi. Jamvi hakuna. Kuna meza, kuna keki, kuna saladi ya viazi, na kwenye kiti cha mbele amekaa marehemu, amesuka nywele, ana maua mapajani, ananitazama.

Nilipiga yowe ambalo mbele yake lile la kwanza lilikuwa salamu tu, nikarudi nyuma, na ndoo ikaanguka. Yote! Maji yakaenda moja kwa moja kwenye korido, yakaingia kwenye viatu vya wageni, buti za ngozi zenye manyoya ndani, moja baada ya nyingine, na nje baridi ilikuwa ya kupasua mti.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Nikajitetea kwa Kiestonia changu cha sokoni, nikasema, "Nilidhani mama amekufa." Mzee mmoja akaweka glasi yake mezani taratibu.

"Leo anatimiza miaka sabini," Kadri akasema.

"Mbona sikualikwa?"

"Hapa mtu haalikwi siku ya kuzaliwa. Anayekumbuka anakuja." Akanionyesha kwa kidole sahani tupu pembeni mwa meza. "Ile ilikuwa yako."

Wageni wakaondoka mmoja mmoja, miguu wameifunga mifuko ya nailoni ndani ya viatu, na kila mmoja akaniambia jioni njema, tena kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniua. Kadri aliniambia mlangoni kwamba nimemlaani mama yake. Nikabaki mimi na Mama Tonu na tambara la deki. Nadeki nalia, safari hii kilio cha kweli kisicho na sauti. Akainama akashika upande wa pili wa tambara, tukakamua pamoja.

"Kwenu ndivyo mnavyolia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila aliye na watu."

Akakamua tambara mpaka tone la mwisho. Halafu akasema, "Mimi hapa hakuna atakayenililia hivyo. Siku yangu ikifika, wewe utanililia?"

"Nitakulilia, mama."

"Haya. Lakini usije na ndoo."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania. Tukacheka wawili, tukala keki iliyobaki, na siku ile nilijua nimepata mama katika nchi ile, hata kama wengine hawakunitaka.

Wengi hunyanyuka hapa. Mama Tonu alikufa kweli, baadaye, kwa kifua kilekile. Tukiwa makaburini, theluji imefagiliwa, watu wamesimama mistari miwili na maua yao, hakuna hata anayepiga chafya, nikasikia kilio kinapanda kutoka tumboni, changu, nilichoombwa mimi na si mwingine. Kadri akanitazama. Tonu akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza, akaninong'oneza, "Somoe, tafadhali. Leo usituaibishe."

Usituaibishe! Nikameza. Tukatupa mchanga kwa mkono mara tatu tatu, tukaenda kunywa kahawa, na watu wakamwambia Tonu kwamba mke wake sasa amezoea. Kadri naye alikuja kwangu jioni ile, akamaliza kikombe.

Mwaka uliofuata nikaja nyumbani. Nimefika Makote, sijatua hata begi vizuri, nimesema tu, "Shikamoo mama, mkwe mwenzako, Mama Tonu, alifariki," mama akaachia ungo chini, na kabla sijamaliza kueleza wanawake wamejaa uani na ndoo zao kichwani, maji ya kununua hayo, wakakaa kwenye mikeka wakamlilia Mama Tonu mtu ambaye hawakumwona hata kwenye picha, wakamwita mama yetu. Na mimi katikati yao machozi hayakutoka. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilikaa pale mkavu, mikono mapajani, kama wale wageni wenye glasi.

Mama akanisogelea sikioni. "Mwanangu, huyo mama hukumpenda?"

Nikavuta kanga, nikafunika uso wangu mkavu. Nimeapa kwamba mtu akinishika mkono tena nisilie wangu, mkono nitauchomoa, aibu iwe yake. Lakini kiapo hicho hakimfai tena Mama Tonu. Aliniomba mambo mawili, nilie na nisije na ndoo. Ndoo sikuja nayo.