Sabra na Wanong'onaji wa Njegere

"Morogoro nzima hakuna wa kunitisha, hata milima ya Uluguru huwa inaniamkia." Hayo aliyasema Sabra kwenye mahafali ya dada zake wa kidato cha nne, kipaza sauti mkononi, mbele ya mgeni rasmi. Watu walicheka mpaka mwalimu wa nidhamu akasahau kununa.

Miezi minne baadaye alikuwa hapiti barabarani. Wale kina mama wanaoshuka mlimani na mboga hupanga mafungu yao njia ya shuleni, na yeye akitokea tu, wananong'onezana Kiluguru. Sabra ni Mluguru wa Mji Mpya, yaani Kiluguru chake kinaishia kwenye salamu, ila hakuhitaji mkalimani: walikuwa wanampangia ubaya. Akaanza kupita uchochoroni, halafu akaacha shule kabisa. Wiki ya tano hiyo, na usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi.

Mama yake, Pili, akampeleka kwa Filomena, mshauri wa vijana kliniki. Vikao sita tu, viwili kila wiki. Sabra alitegemea dawa au mahubiri. Filomena akauliza:

"Una uhakika kwa asilimia ngapi?"

"Mia. Na chenji juu."

"Sikubishii. Labda wanasema nini kingine?"

Siku hiyo hakuona kingine. Kikao cha tatu alikiri, shingo upande, kwamba huenda watu wana shida zao. Cha tano Filomena akavaa raba. "Leo tunaenda kuuliza."

Sabra alifika kwenye mafungu jasho likimtiririka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nikipita huwa mnanong'ona. Mnasema nini?"

Bibi akamtazama mwenzake, kisha Sabra. "Kwani lugha ya kwenu huijui?"

"Sijui."

"Mwambie mama yako aone aibu. Tunakumbushana bei. Akitokea mtu wa mjini, tunakubaliana asishushe yeyote."

"Kwa hiyo hamnisemi mimi?"

"Wewe nani kwani?"

Sabra hajawahi kudharauliwa kwa utamu namna ile. Alicheka mpaka akashikilia tenga la watu. Walipokuwa wanarudi, Filomena akauliza asilimia.

"Thelathini. Hizo nitaenda nazo shule."

Jumatatu alivaa sare, akaenda kujisajili kwa njia ile ile. Wakanong'ona. Moyo ukamruka, lakini akasimama, akauliza bei ya njegere.

Kopo moja, elfu mbili.